Mdomo wa Golikipa

Mji mzima wa Dodoma ulimjua Harithi kwa mikono yake, hadi siku alipotaka kujulikana kwa mdomo. Ilikuwa miaka ile vyama vingi vimerudi, redio za watu binafsi zinaota kama uyoga, na kila mtu anaambiwa asubuhi na jioni kwamba sasa ruksa kusema.

Harithi, mzaliwa wa Kondoa, alikuwa golikipa wa timu iliyomilikiwa na kiwanda cha mvinyo kule Makutupora. Jezi yao ilikuwa na chupa kifuani. Jumapili moja alidaka penalti iliyowapa ushindi, na mtangazaji akamkimbilia na kipaza sauti.

"Golikipa wetu, leo utasherehekea kwa chupa ngapi?"

"Mimi Mwislamu," Harithi akasema, jasho likimtiririka. "Pombe ni haramu. Anayeinywa na anayeiuza, wote wanajitafutia moto."

Kesho yake aliitwa na meneja wa kiwanda, Bwana Nathanaeli, mlokole ambaye hakuwahi kuonja hata tone la bidhaa yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti. Naona jana umenichoma moto redioni."

"Nilisema imani yangu, mzee. Katiba inaniruhusu."

"Inakuruhusu kabisa. Ila katiba haikulipi mshahara." Nathanaeli akashusha sauti. "Hata mimi siinywi, kijana. Umewahi kunisikia nikitangaza?"

Akamtaka arudi redioni aombe radhi, kisha apigwe picha ameshika glasi. Kunywa si lazima. Ashike tu, atabasamu. Harithi akakataa. Kabla ya adhuhuri golikipa wa akiba alikuwa amekwisha kupewa jezi yake.

Akarudi nyumbani Miyuji akitembea kifua mbele, akitarajia pongezi. Mkewe, Shamila, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Khairat, miaka yote hiyo umeivaa chupa kifuani. Huo moto umeuona jana?"

Harithi alikasirika, hasa kwa kuwa swali hilo alikuwa akijiuliza mwenyewe kila usiku, na kila usiku usingizi ulimwahi kabla ya jibu.

Msikitini, hata hivyo, alipokewa kama shujaa. Hasani, tajiri wa sukari na unga, alimkumbatia mbele ya watu. "Kijana mwenye msimamo hatalala njaa nikiwa hai! Njoo dukani kwangu. Kwangu mimi, sema kweli bila woga!"

Akamweka mlangoni, na wateja wakaja kumwona golikipa aliyeikataa chupa. Ramadhani ilipokaribia, sukari ikatoweka rafuni ikajaa stoo, bei ikapaa. Harithi akayaona yote, akaendelea kukaribisha wateja. Ijumaa alipoombwa awape vijana nasaha baada ya swala, akayatapika: mwenye kuficha chakula ili kipande bei, naye ana dhambi sawa na muuza pombe.

"Takbir!" mtu akapaza sauti.

Watu wakaitikia, na aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Hasani.

Jumamosi Hasani alimsubiri mlangoni. "Dini ni dini, Harithi, na biashara ni biashara."

"Bwana Nathanaeli aliniambia hivyohivyo."

"Basi mlokole yule ana akili. Nenda salama."

Siku kadhaa hakuna aliyemtaka. Waliomshangilia walimpa mkono wa salamu kwa haraka, wasije wakaonekana. Mwishowe Shamila, aliyekuwa na meza ya maandazi karibu na stendi, akamwambia aje awe anawafungia wateja maandazi. Golikipa wa mji akavaa aproni.

Asubuhi ya kwanza abiria wa basi la Kondoa akamtambua, akacheka. "Harithi! Wewe husemi uongo. Haya maandazi vipi?"

Harithi akamtazama mkewe.

"Ya leo yameungua chini," akasema.

Abiria akaenda zake bila kununua. Shamila alisimama, mikono kiunoni, huku mafuta yakichemka. Kisha akamkabidhi mumewe mwiko, akavuta kigoda, akaketi.

"Haya," akasema, "kaanga wewe."