Vifaranga wa Mwaka Ule

...na bado yana moto, yote kumi, namshukuru Mungu, mkono wangu umezama chini ya tumbo la kuku na vidole vinapita yai moja hadi jingine polepole, maana huyu Shangazi, ndivyo marehemu mke wangu alivyomwita kwa kuwa hajawahi kuridhika na jambo lolote tangu atotolewe, akishtuka tu anadonoa, leo kanidonoa mara moja na sasa ananikodolea jicho moja kama mtu aliyeazimwa sufuria ikarudi na tundu, siku ya kumi na nane leo, zimebaki tatu, na kipupwe hiki hakina huruma, maji yao nimeyakuta yameganda juu nikayavunja kwa kisigino kama alivyokuwa akiyavunja yeye, sikufikiri, kisigino chenyewe kilikwenda, na binti yangu amesimama mlangoni mwa banda na koti lake la shuleni, leo hafundishi hadi saa nne, anasema, “Chumba chenyewe kule kwetu kina dirisha linalopata jua la asubuhi, Baba, utakaa usome gazeti lako,” nasema mh, anasema, “Na jirani yako fundi redio amekubali kuwachukua kuku wote, anataka jibu lako tu,” nasema mh, ghorofa ya nne, huko nitafuga nini, nzi, lakini simwambii, mtoto amefunga safari kwa upendo, mtoto, ana miaka thelathini na mitatu na wanafunzi mia mbili wanaotetemeka akishika chaki, kwangu bado ni yule aliyekuwa akichuchumaa hapa na kamasi puani akimwuliza mama yake kuku anajuaje siku ikifika, na mama yake anamjibu, wewe ulijuaje... aliyajua mayai, mke wangu, aliyajua kama mimi nilivyoijua mitambo ya uchapaji, mimi nilikuwa nikimletea kutoka kiwandani karatasi zilizoharibika, kurasa za vitabu vya shule zilizochapwa kombo, anaikunja moja iwe bomba, jicho lake upande huu, yai upande ule, analielekeza kwenye jua, “Njoo uone mishipa,” nami natazama sioni kitu ila wekundu, “Naona, naona,” “Umeona nini?” “Mishipa,” anacheka, anajua sikuona, zinazobaki anazitandika kwenye viota, na vifaranga wetu wote wakazaliwa juu ya jiografia na hesabu, ndiyo maana wana akili kukuzidi, alisema, wao wamesomea tumboni... sabuni ya kufulia, mikono yake ilinukia sabuni ya kufulia na pumba, alifanya kazi ya udobi hospitalini, akirudi anapita bandani kwanza kabla hajavua viatu, nami namwambia, kuku unawasalimu, mume je, naye anasema, mume hatagi... “Baba, nasema ukimaliza urudishe huu mlango basi,” anasema binti yangu, anasugua viganja, “upepo wenye mikono usije ukaingia,” naye anacheka kidogo, kicheko cha mama yake kabisa, mkono wangu unasimama juu ya yai la saba, upepo wenye mikono, msemo wa nyumba hii, nyama ikipungua sufuriani ni upepo wenye mikono, sukari ikishuka, gazeti likihama, nami nacheka pamoja nao, miaka ishirini na sita nimecheka, lakini ulianza wapi, ulianza lini, mzee, usijifanye umesahau... ulianza mwaka ule wa baridi kubwa, mabomba yalipopasuka mtaa mzima, akatotolesha vifaranga kumi na wanne katikati ya kipupwe watu wakamwambia ana wazimu, akawaweka ndani ya boksi chumbani kwetu, chupa ya maji ya moto imefungwa kwa fulana yangu ya zamani, nami nilikuwa zamu ya usiku, narudi asubuhi na wino kwenye kucha, kichwa kinavuma mitambo, nataka kulala, na boksi linalia piyo piyo piyo, siku ya kwanza, ya pili, ya tano, yeye kazini, mtoto shuleni, mimi na vifaranga kumi na wanne, nikanyanyuka, nikalibeba boksi nikaliweka nje kwenye kibaraza cha nyuma, jua lilikuwa linawaka, naapa lilikuwa linawaka, nilisema saa moja tu, na ile chupa ilikwisha kupoa na sikuibadilisha, nikalala kama gogo, nilipoamka jua halipo, upepo umegeuka, na kimya, kimya kile ndicho kilichoniamsha, walikuwa wamerundikana pembeni wamekuwa kitu kimoja, nikawatenganisha kwa vidole mmoja mmoja, nikawapulizia, wote... nikalirudisha boksi ndani, si chumbani, jikoni, nikaufungua mlango wa nyuma nikauacha wazi, nikarudi kitandani nikajifunika gubigubi, mwanamume mzima, na walipoingia mama na mwana nikatoka nikijinyoosha, nikasema nilikuwa nimewahamishia jikoni kwenye joto la jiko, upepo umefungua mlango... mtoto alikuwa amewapa wote majina ya wenzake wa darasani, aliwazika mmoja mmoja akiwaita, akaja akaniuliza, “Baba, mbona upepo haukubisha hodi?” nami nikasema, “Upepo hauna adabu, mwanangu,” nikaona nimejibu vizuri... na mke wangu, ngoja, mke wangu alifanya nini, alisimama mlangoni, akaliwekea kiganja komeo, komeo la mti lile, zito, la kunyanyua kwa mikono miwili ndipo utoke, alilinyanyua akalishusha, akalinyanyua akalishusha, kisha akasema taratibu, “Upepo wa siku hizi una mikono,” akaenda kuchemsha maji ya chai, nami nikapumua, nikadhani nimepona, nikadhani ni mzaha wa huzuni... “Sikusukumi, Baba,” anasema binti yangu, “ila baridi ikizidi hapa uko peke yako,” nasema mh... mwaka uliofuata hakuleta boksi chumbani, alinitaka nijenge hii kona ya banda, ukuta wa mbao mbili, akajaza maranda katikati, nikamwuliza mbona umewahamisha, akasema, “Ulale,” neno moja, ulale, nami nikafurahi, mjinga, nikasema mke anajali, na kweli alijali, kila baada ya saa chache anavaa buti zangu anatoka na chupa ya maji ya moto kifuani, mara ngapi nilimwona dirishani akivuka uani akiwa ameinama kwa baridi, nikageukia ukutani, hakuniachia tena kifaranga hata mmoja na hakunisuta hata mara moja, alijua, alijua tangu alipolishika komeo lile, na ule msemo hakuwa akinichoma nao, la, angetaka kunichoma angechoma, ulimi alikuwa nao, alikuwa akiniachia mlango, kila nyama ilipopungua alikuwa akiniachia mlango nipite, niseme, tucheke yaishe, miaka ishirini na sita ameushika wazi nami nacheka napita pembeni, hata hospitalini, shuka mpaka kidevuni, akaniuliza, “Kuku wamefungiwa?” nikasema nimefunga mwenyewe, akasema, “Na upepo?” akanitazama, akanitazama sana, nikasema, hakuna upepo leo, lala... lala, nikamwambia... Shangazi anajisogeza, analikalia vizuri lile la saba, uzito wake wote juu ya mkono wangu, joto linapanda mpaka kwenye kiwiko, teke la kuku halimwumizi mwanawe, wanasema, lakini wale hawakukanyagwa na mama yao, na huyu nyuma yangu hajui, alibaki kuulaumu upepo, nilimtengenezea uongo akiwa na miaka saba akaukuza, akaufanya mzaha wa nyumba yake, juzi nimemsikia kwenye simu akimwambia mumewe, upepo wenye mikono umekula maandazi, na sasa ananipa chumba chenye jua la asubuhi, nitalalaje humo, nitaamkaje nimtazame akininywesha chai, aliyestahili kuambiwa kwanza amekwenda, huyo sitampata tena, hata nikilia juu ya kaburi ni kujililia mwenyewe, lakini si wote waliokwenda, yuko mmoja, namsikia akipuliza vidole vyake, akihamisha uzito mguu hadi mguu, “Baba, unanisikia lakini?” anasema, “niambie chochote, hata kama ni hapana,” na mayai bado ni kumi, na siku bado ni tatu, mkono sijautoa, “Nakusikia,” nasema, “habari ya chumba tutaizungumza, ingia kwanza, geuza hiyo ndoo ukae,” naisikia ndoo ikigeuzwa, namsikia akikaa, magoti yake karibu na mgongo wangu, na simgeukii, nikimgeukia nitacheka, “wale vifaranga wa mwaka ule, mwanangu, niliwatoa nje mimi.”