Mpira wa Pompi

Mama alifariki Uvira alfajiri, katika Ramadhani ya mwaka 1968. Habari ilinifikia Buyenzi, ng'ambo ya mpaka, saa tatu asubuhi. Wangemzika baada ya alasiri, na mimi, mtoto wake wa kiume pekee, ndiye niliyetakiwa kushuka kaburini kumpokea.

Gereji nilikofanya kazi kulikuwa na gari moja tu la kunifikisha, la dizeli, kuukuu. Ukiliwasha linanguruma lenyewe, hujakanyaga mafuta. Pompi, yaani pampu ya mafuta, ya gari hilo hupunguza dizeli kwa kuvutwa na hewa ndani ya bomba jembamba la mpira. Mpira ukiharibika, injini haina wa kuizuia. Kuupima ni kazi ya mdomo: unauvuta kama wanywaji wa impeke wanavyovuta pombe kwa mrija.

Nilikuwa nimefunga. Nikamwachia Cirimwami, Mkatoliki wa Bukavu, mwenzangu wa kazi kwa miaka tisa. Akageukia ukuta.

"Unasemaje?"

"Iko muzuri, Massoudi. Pumuzi inapita yote."

Basi tukafungua pompi. Tukaifunga, tukaifungua tena. Adhuhuri ikapita. Saa nane nikauchukua mpira nikauvuta mwenyewe. Ukaziba. Ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka. Ukivuta inajifunga, ukipuliza inaachia.

"We ulivuta?"

"Nilipuliza."

"Kwa nini?"

"Mumefunga wote hapa. Mi nivute vile mbele yenu, kama mutu iko mu kabare, anakunywa impeke?"

Nilitema dizeli. Tukakata mpira wa lori bovu, tukaukaza kwa waya. Injini ikatulia.

Aliendesha yeye. Tulipofika Gatumba, askari wa mpaka alisoma karatasi za gari polepole, mbele na nyuma.

Uvira tulikuta watu wanaosha majembe. Mjomba Shaabani akanishika mkono.

"Tulikungoja, baba. Jua lilikuwa linashuka."

"Nani aliingia?"

"Amissi, mume wa dada yako."

"Alimlaza vizuri?"

"Vizuri."

"Haya."

Sikulia. Nilitazama udongo. Ulikuwa umelowa, basi tu. Magharibi wakanipa tende na kopo la maji. Cirimwami alikuwa bado garini, mikono kwenye usukani, hataki kushuka. Nikanywa nusu, nikampelekea yaliyobaki.