Saini ya Marehemu

Baba yangu alikufa Jumanne, na kufikia Alhamisi wizara ilikuwa imeshampenda. Miaka thelathini na moja hawakutaka hata kukutana naye kwenye ngazi. Sasa walileta shada la maua lenye upana wa mlango, pamoja na wasifu wa marehemu uliokwisha kuchapwa, ili nisipate taabu ya kumkumbuka mwenyewe. Kazi ya kuusoma makaburini ilikuwa yangu, kwa sababu kaka yangu mkubwa huanza kulia kabla ya koma ya kwanza.

Niseme ukweli, baba alikuwa mtu wa kuchosha. Alikuwa mhandisi wa madaraja wa serikali, na hata nyumbani hakuuvua uhandisi wake. Bembea aliyotutengenezea uani haikuguswa na mtoto mpaka yeye mwenyewe, kilo tisini na tai shingoni, alipopanda akabembea nusu saa nzima, majirani wakichungulia ukutani huku mbavu zikiwauma kwa kicheko. Mama alipokuwa zamu hospitali, baba ndiye aliyenisuka. Alinigawa nywele kwa rula. Nilikwenda shule na njia za kichwani zilizonyooka kuliko barabara zote za serikali, nikachekwa, nikarudi nyumbani nikiwa na hasira, naye akaniuliza kama kuna iliyopinda.

Asubuhi ya mazishi niliusoma wasifu jikoni. Ulikuwa mtamu: mchapakazi, mzalendo, hazina ya idara. Ukurasa wa pili ukasema: "Aliidhinisha ujenzi wa daraja kuu la mto, ambalo kuanzia leo litaitwa kwa jina lake."

Chai ilinipalia.

Daraja hilo ndilo lililommaliza. Nguzo ya tatu ilitakiwa kushuka mita kumi na nane kwenye udongo laini. Mkandarasi akachokea kwenye kumi na moja. Baba alikataa kusaini. Walimbembeleza, wakamtisha, mwishowe wakamhamishia ghala la samani chakavu, akae na viti vibovu mpaka astaafu. Saini akaiweka mwenzake, ambaye leo ndiye Mkurugenzi. Huko ghalani baba alikagua kila kiti kama vile malori yangepita juu yake. Mwaka huu nguzo ya tatu imepata ufa, wakaguzi wakaanza kuuliza nani aliidhinisha, faili likapotea kimiujiza, na baba, kwa bahati yao, akafa.

"Mdogo wangu, soma kama ilivyo," kaka alisema. Naye yuko wizarani, ghorofa ya pili, na macho yake yako ghorofa ya tatu. "Jina la baba kwenye daraja! Unajua hiyo ni heshima gani?"

"Ndilo daraja alilolikataa."

"Alilikataa akiwa hai. Sasa hivi hana neno."

Mama alikuwa anapiga pasi kitambaa chake cheusi. Hakuinua kichwa.

"Miaka saba nimefua mashati yenye vumbi la viti vibovu," alisema. "Hakusaini akiwa macho, leo wamsainishe amelala? Wewe mwanangu, usije ukamshikia kalamu."

Makaburi yako ng'ambo ya mto, kwa hiyo sote tulipita juu ya daraja lenyewe, jeneza likitangulia. Mkurugenzi alikaa mstari wa mbele, miwani nyeusi, leso mkononi, tayari kwa machozi. Ukurasa wa kwanza niliusoma vizuri. Nikafungua wa pili. Niliogopa, sitadanganya, kaka alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba maji.

"Hakuidhinisha ujenzi wa daraja kuu la mto," nikasoma.

Sikuongeza kitu. Niliondoa "ali", nikaweka "haku", basi.

Mkurugenzi akakohoa. "Binti yangu, uchungu huo. Umekosea kusoma hapo."

"Sijakosea, mheshimiwa. Nguzo ya tatu imeishia mita kumi na moja, ilitakiwa kumi na nane. Baba alikataa. Aliyesaini anajijua, na yupo hapa."

Wakaguzi wawili waliokuja kutoa pole wakatoa madaftari. Mimi nikalia kwa sauti, bila aibu, kwa sababu nilimtaka baba yangu na usumbufu wake wote.

Tulipomaliza kuzika, gari la Mkurugenzi ndilo lililowahi kuondoka. Kwa kupita darajani, mjini ni dakika tano. Dereva wake akafika njia panda, akasimama kidogo, kisha akakata kushoto, njia ya kuzunguka, kilomita arobaini za mashimo. Magari yote ya wizara yakamfuata.

Kaka alibaki ameshika usukani. "Sisi je?" akauliza.

"Wafuate," nikamwambia. "Ni mara ya kwanza wizara kumsikiliza baba."