Chai ya Bibi Iwafune na Dawa ya Alhamisi

Nilipohamishiwa kufundisha shule ya Kamisawada, kijiji cha milimani Japani ambako theluji hufunika madirisha ya chini, nilikuta nusu ya darasa langu wanatafuna upande mmoja kwa sababu ya meno mabovu. Mtoto akipewa figili iliyochachushwa, aliimung'unya kama kikongwe. Aliyeamua kwamba jambo hilo lazima likome alikuwa Hoshina Setsuko, mwalimu wetu wa afya, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alisikia kuna shule ambako watoto husukutua maji ya floraidi, dawa ya kuzuia meno kutoboka, mara moja kwa wiki, akaitisha mkutano wa wazazi.

Mkutano ulimwendea vibaya. Bibi Iwafune Toku, aliyekuwa akilea wajukuu huku wazazi wao wakifanya vibarua Tokyo kila majira ya baridi, alisimama akasema floraidi ni sumu. Yeye alikuwa na miaka sabini na moja na meno yake yote, na tangu utotoni alikuwa akisukutua chai ya kijani tu. Akafungua kinywa, watu wakayaona. Ukumbi wote ukawa upande wake.

Hoshina hakubishana.

"Basi tupime, bibi," alisema. "Anayetaka chai, asukutue chai kila siku baada ya chakula cha mchana. Anayetaka dawa, kila Alhamisi asubuhi. Miaka miwili. Daktari wa kuhesabu matundu hataambiwa nani ni wa wapi."

"Chai nitaipika mwenyewe. Hiyo ya kwenu shuleni ni maji ya kuoshea vikombe."

Wazazi wa watoto thelathini na wanane walichagua chai, wa thelathini na mmoja wakachagua dawa. Bibi Iwafune alikuja kila siku na birika lake, akasimama mlangoni mpaka mtoto wa mwisho ateme. Hoshina naye alishika saa mkononi: dakika moja kamili, kichwa chini, kutema, kisha nusu saa bila kula wala kunywa.

Mwaka wa kwanza ulipoisha, daktari alitoka mjini akahesabu. Pande zote mbili zilikuwa na matundu mapya karibu sawa. Mkuu wa shule akamshauri Hoshina aliache jambo hilo life polepole, maana dukani walishaanza kumwita Mwalimu Sumu. Alijibu kwamba walikubaliana miaka miwili, na mmoja si miwili. Jioni ile nilimkuta chumbani kwake akiosha vikombe vilivyokuwa safi tayari, macho mekundu. Alhamisi iliyofuata alikuwa mahali pake, saa mkononi.

Katika baridi ya mwaka wa pili aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu. Kazi ya Alhamisi iliniangukia mimi, na sikujua hata kupima dawa. Bibi Iwafune, aliyekuwa amewahi kufika na birika lake asubuhi hiyo, akaninyang'anya kijiko, akasoma karatasi ya maelekezo mara mbili, akaanza kugawa. Alipofika mwisho wa foleni alimkuta mjukuu wake, Masanobu wa darasa la tano, ambaye jina lake lilikuwa upande wa chai.

Mvulana alikiri kwamba tangu Aprili alikuwa akijipenyeza kwenye foleni ya dawa, kwa kuwa wenzake walikuwa huko. Bibi hakumpiga wala hakumgombeza. Alimaliza kugawa, akavaa buti zake za theluji, akaniambia nimfuate nyumbani kwa Hoshina.

Hoshina alikuwa amelala, mguu kwenye plasta. Bibi alipiga magoti mkekani, akaeleza yote.

"Meno ya Masanobu yatoe kwenye hesabu yangu," akamaliza.

"Bibi, mwaka jana mtoto huyo hakukutwa na tundu jipya hata moja. Ukimtoa, upande wako utaonekana vibaya zaidi."

"Kuhesabu najua. Mtoe."

Hoshina akaniomba daftari, akachora mstari juu ya jina lile. Kisha wale wanawake wawili, ambao kwa zaidi ya mwaka na nusu hawakuwa wamesemeshana zaidi ya salamu, wakala pamoja machungwa yaliyokuwa mezani.

Daktari alirudi mwezi wa Machi. Safari hii watoto wa dawa walikuwa na matundu mapya chini ya nusu ya yale ya watoto wa chai. Bibi Iwafune aliuliza jambo moja tu: meno yake mwenyewe je? Daktari akamuuliza alikula peremende mara ngapi utotoni. Alifikiri, akasema labda mara moja kwa mwaka, siku ya sikukuu.

Kwenye mkutano wa Aprili alisimama tena.

"Nilikosea," alisema. "Chai haijamdhuru mtu, na wangu wataendelea kuinywa. Lakini Alhamisi watasukutua dawa. Nimeigawa kwa mkono wangu na nimeona hesabu."

Familia zote zikatia sahihi kuikubali dawa, isipokuwa mbili. Siku iliyofuata Hoshina alichukua mkongojo wake akapanda mlima hadi kwenye nyumba hizo. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ilimfungia mlango, naye akaandika kwenye daftari kwamba atarudi tena mavuno yakiisha.