Maharage ya Shangazi Hortensia

Yadira alirudi kutoka kwa dobi alikofanya kazi, akamkuta Shangazi Hortensia jikoni na miwani yake puani, akichambua maharage.

"Shikamoo Shangazi. Chakula ya Babu imekwisha?"

"Kimekwisha! Chakula *chake kimekwisha*. Mtu mzima unaongea kama redio iliyoanguka. Mwacha asili ni mtumwa, ndiyo maana."

Swali la Yadira likadondoka mezani, limekuwa maharage ya rangi ya udongo. Shangazi akayazoa, akayapuliza vumbi, akayatia sufuriani.

Ndivyo mambo yalivyokuwa katika nyumba ile ya San Antonio tangu Shangazi avuke mpaka kutoka Saltillo, eti kuja kumuuguza baba yake, yaani Babu yake Yadira. Neno alilolisahihisha halikufika lilikokuwa likienda. Liligeuka haragwe. Refugio, baba yake Yadira, alinunua ufagio mpana, kisha akaacha kusema Kihispania kabisa. Aliongea kwa kichwa, ndiyo au hapana, na dada yake akajisifu kwamba angalau huyo hakosei. Shangazi, mwalimu mstaafu, jamani! Miaka yote hiyo ya sarufi, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kubisha hodi kumjulia hali.

Yadira Kihispania alikipata mapajani kwa Babu Eleuterio, kabla shule haijamtia Kiingereza. Babu naye Kiingereza hakukijua, na sasa alikuwa anakufa. Yadira alikuwa na mimba. Alitaka jambo moja tu: Babu ajue, kabla hajaondoka, kwamba mtoto atarithi jina lake, na ambariki.

Alijaribu kila jioni akimkanda miguu. Shangazi alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akishona, sikio wazi. Mtoto wa watu alianza, akakatizwa, akaanza tena. Blanketi likajaa maharage. Refugio aliingia na kahawa, akayaruka bila kutazama chini.

"Mbona husemi na babu yako?" Shangazi aliuliza. Uso mkavu!

Jumamosi Shangazi akaenda kanisani kuungama, ingawa dhambi zake alikuwa hazijui. Yadira akapiga magoti, akaweka mdomo sikioni kwa mzee.

"Babu."

Neno likafika. Babu akageuza kichwa, akatabasamu. "Nani huyo? Ni kale kasichana kangu?"

"Ni mimi, Babu. Mtoto yangu itaitwa jina ya..."

"*Wangu! Ataitwa!*" Shangazi alikuwa mlangoni, mkoba kwapani, shela kichwani. Padri alikuwa hajafika, basi akarudi. "Mtoto ni kiatu, kwamba *itaitwa*?"

Maharage yakamwagika kifuani kwa mzee. Babu akayapapasa, akasubiri. Kidole chake kikazunguka juu ya punje moja kwa muda mrefu.

"Nani ameniletea maharage?" akauliza. "Nilidhani kuna mtu anataka kuniambia kitu."

Jumanne akafa.

Msibani walikuja wengi. Shangazi alipika maharage yote kwa mafuta ya nguruwe na pilipili, sufuria mbili kubwa, na watu wakala wakarudia. Jirani mmoja alisema hajapata kuonja maharage matamu namna ile. Alifumba macho akitafuna, machozi yakamtoka, akasema ni pilipili.

"Siri ni kuchambua," Shangazi alisema. "Usiache bovu hata moja."

"Na mjukuu?" jirani akauliza. "Ameumia sana?"

"Huyo? Babu yake amelala hapo miezi, hakumwambia neno. Neno moja tu! Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu. Vizazi vya upande huu wa mpaka, dada yangu, ni mawe matupu."

Wakamtazama Yadira kwa pamoja, mkono wake ukiwa tumboni. Yadira akafumbua mdomo.

Shangazi akakinga bakuli.