Mahali Pasipokauka

Kila mwaka kabla ya mvua za vuli, fundi Malimi huja Kiseke kuushughulikia ua wa nyumba ya Kokugonza. Ni ua wa zege la nakshi, limechorwa mfano wa mawe, na Kokugonza anaupenda kuliko makochi yake. Malimi husugua kwa sabuni, husuuza, husubiri pakauke, kisha hupaka vanishi.

Mwaka huu palikauka pote isipokuwa karibu na mpapai, sehemu yenye ukubwa wa mkeka.

"Dada, hapa nikipaka, vanishi itageuka nyeupe," alisema Malimi. "Unyevu unatoka chini."

Akapaka kwingine kote, wakasubiri pale pakauke. Alasiri, upepo wa ziwani ulipoanza, bibi kizee akatoka ndani ya zege pale penye unyevu, akaketi.

"Shikamoo bibi," alisema Kokugonza.

"Marahaba. Humu mna joto, jamani. Hilo ni jasho langu."

Kokugonza akamletea maji. Bibi huyo alikuwa marehemu mama yake Ngosha, mtu aliyemuuzia Kokugonza kiwanja. Siku ya kuuziana Ngosha alisema tuta lililokuwa pale ni la viazi tu, kumbe ni kaburi. Kwao Kokugonza, Kagera, wafu hulala kibanjani, kwenye shamba la ukoo, na kuwauza ni aibu. Roho ilimuuma.

"Nataka nikalale Bujora, kwa mume wangu," alisema bibi. "Ila pigo la kwanza la sururu apige mwanangu. Akipiga mwingine, sitoki."

Wakampigia Ngosha simu. Akaja jioni ileile, amechomekea, ananukia. Sururu ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula."

Kisha akajifanya hamnazo. Akaligonga zege kwa kisigino, akalisifu. Akasema kuvunja kazi nzuri namna hii ni dhambi, tena watu wa Bujora watauliza mama alikuwa wapi miaka yote.

"Piga mara moja tu, mwanangu," alisema bibi.

Ngosha aliitazama sururu, akatazama saa yake. Tangu bibi atoke, pale alipotokea palikuwa pameanza kukauka.

"Fundi, si pamekauka sasa?"

"Pamekauka," alisema Malimi, akamtazama mwenye nyumba. Kokugonza akautazama ua wake unavyong'aa pande zote.

"Basi paka," alisema Ngosha. "Mama, inua miguu kidogo, fundi apite."

Bibi akainua miguu.