Ng'ombe Ishirini na Watatu

Phylis alifika na tableti yake saa tatu asubuhi, amefuatana na Koinet, mzee wa mtaa, na swali lake la kwanza lilikuwa kama choo ni cha shimo. Naipanoi akamwonyesha choo. La pili lilikuwa la paa, la tatu la maji, kisha redio, televisheni, jiko la gesi. Msichana alikuwa na adabu zake. Alitoka Kitengela, na tangu Jumatatu alikuwa akizunguka maboma ya Isinya kuandikisha wazee waliopita miaka sabini, ili serikali ichague wa kupewa zile elfu mbili za kila mwezi. Vidole vyake vilikuwa vimeshazoea kugonga kioo bila kumngoja mwenyewe afikiri.

Naipanoi alikuwa na miaka sabini na miwili. Mumewe, Kisemei, alimzidi sita. Wote wawili walikuwa wameketi nje ya nyumba, yeye kwenye jerikeni lililogeuzwa, mzee kwenye kiti pekee chenye miguu minne. Pesa hizo zilikuwa zinatakiwa na si kwa mchezo. Hadi mwezi wa tatu Naipanoi alikuwa akiosha trei za mayai kwenye shamba moja la kuku, kisha mwenye shamba akamwambia kwa upole kwamba magoti yake yanamtia huruma, akapumzike. Akapumzika. Tangu hapo walikuwa wakila mara moja kwa siku, na maji ya kununua wakiyagawa kama dawa. Soipan, binti yao, aliolewa mbali huko Rombo, naye alikuwa na vinywa vyake vya kulisha.

Majibu yalikwenda vizuri hadi walipofika kwenye mifugo.

"Mzee, uko na ng'ombe?" Phylis aliuliza.

"Wako," akasema Kisemei.

"Ni wangapi?"

Sasa, mtu wa Kitengela anaweza kudhani hilo ni swali dogo. Mzee wa Kimaasai hahesabu ng'ombe wake mbele ya watu, sawa na vile hahesabu watoto wake. Anawajua kwa sura. Wakiingia zizini jioni anatupa jicho mara moja tu, anajua ni nani amebaki porini. Kwa hiyo Kisemei hakutaja nambari. Alianza kuwataja wenyewe, mmoja mmoja. Narok, yule mweusi mwenye pembe iliyovunjika. Nanyokie, mwekundu, na binti yake, na binti wa binti yake. Yule wa madoa aliyetolewa kwa shemeji. Yule mkorofi wa kupiga mateke ndoo. Phylis, ambaye mashine yake ilikataa kwenda mbele bila nambari, akawa anahesabu kwa kukunja vidole chini ya tableti.

Naipanoi alikuwa akihesabu pia, kwa namna yake. Narok alianguka Kimana, walipowahamisha kutafuta malisho, kando ya lami, kichwa kikielekea maji ambayo hayakuwepo. Nanyokie alifia njiani kwenda Rombo. Binti yake alikufa siku iliyofuata, na yule mtamba aliyebaki akasimama juu ya mizoga miwili hadi naye akachoka. Yule wa kupiga mateke alikufa hapa hapa, amelala, bila kumpiga mtu yeyote. Ulikuwa mwaka ule wa kiangazi, miaka mitatu sasa. Kisemei aliuza shamba akanunua nyasi, ng'ombe wakala nyasi, kisha wakafa wameshiba nusu. Mahali palipokuwa malisho sasa pana nyumba za mawe zenye lango la umeme. Ndani ya boma lao hamkuwa na hata ukwato mmoja.

Mzee aliendelea kutaja. Uso wake ulikuwa umefunguka. Tangu kiangazi kile hakuwa amesema maneno mengi namna hiyo kwa asubuhi moja, na sauti yake ilikuwa imerudi ile ya zamani, ya mtu anayesikilizwa. Koinet aliangalia viatu vyake. Koinet alijua. Baba yake na Kisemei walitahiriwa pamoja, na yeye mwenyewe alisaidia kuburuta mizoga. Lakini utamwambiaje rika la baba yako, mbele ya msichana mgeni, kwamba hana kitu?

Mtasema ni mila iliyomfunga mama mdomo pia, kwamba mke hamsahihishi mumewe mbele ya wageni. Ni kweli, ila tusiisingizie mila kila kitu. Naipanoi angeweza kumfuata Phylis hadi njiani, akamnong'oneza maneno mawili. Hakumfuata. Alikuwa ametazama ule uso wa mumewe, akaona hana nguvu za kuufunga tena. Tangu kiangazi, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Mambo yaliingia yakatoka na yeye akiyaangalia tu.

"Ishirini na tatu," Phylis alisema, akagonga kioo. "Ahsante, mzee. Mungu awabariki na hao."

Wiki sita baadaye majina yalisomwa kwenye baraza ya chifu. Jina la Mukonyo, jirani yao, lilisomwa. Mukonyo ni mjane wa Kikamba mwenye akili zake: alipoulizwa habari za kuku alisema hana hata mmoja, huku kuku wakipita katikati ya miguu ya Phylis. Majina yalisomwa hadi karatasi ikaisha. Kisemei na Naipanoi hawakuwemo. Mzee aliinuka, akakung'uta shuka lake, akasema serikali haina maana, akaenda nyumbani. Naipanoi alibaki ameketi kwenye nyasi. Alingoja kukasirika. Hasira haikuja, basi naye akainuka.

Jumatatu alikwenda Kajiado. Afisa wa ustawi wa jamii aliyempokea aliitwa Isaac, kijana mnene, mpole, mwenye chai iliyopoa mbele yake. Alimsikiliza vizuri kuliko alivyotarajia. Akatafuta jina kwenye kompyuta, akasoma, akakuna shingo.

"Mama, hapa inasema mko na ng'ombe ishirini na tatu. Mtu wa ng'ombe ishirini na tatu hawezi kupewa hii pesa. Hata mimi sina moja."

Naipanoi akamwambia hawapo. Walikufa wote.

"Na nani alisema wako?"

"Mzee."

Isaac hakushangaa. Alikuwa ameketi kwenye kiti hicho miaka minne, na mzee huyu hakuwa wa kwanza. Alimweleza pole pole, kwa Kiswahili rahisi, kwamba alichoandikisha mwenye boma hubadilishwa na mwenye boma. Mzee aje mwenyewe, au ajibu simu mwenyewe, aseme hana ng'ombe. Neno moja tu, na kesi yao itarudi kuangaliwa upya. Mke hawezi kumsemea.

Naipanoi alifikiria neno hilo moja likitoka kwenye kinywa cha Kisemei. Alijaribu kuusikia mlio wake, akashindwa.

"Na kama mtu hana mwenye boma?" aliuliza.

"Kama ni mjane, au mliachana, unaishi peke yako, nakufungulia faili yako. Hapo ng'ombe ya mzee haikuhusu." Isaac alimtazama. "Mliachana?"

Naipanoi aliyajua mambo ya kuachana ya kwao. Mke haachwi kwa maneno. Ng'ombe wa mahari hurudishwa, na wazee hukaa siku nzima. Kisemei alitoa ng'ombe wanane na blanketi kwa ajili yake, mwaka ambao nyota yenye mkia ilionekana, na babake akawapokea akicheka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba.

"Tuliachana," akasema.

"Lini?"

"Kiangazi."

Isaac aliandika. Akasema Alhamisi asubuhi atampigia mzee simu ili athibitishe, kwa sababu bila kuthibitisha mfumo haukubali. Aliposema hivyo hakumwangalia usoni, na Naipanoi akaelewa kwamba kijana anajua, na kwamba amemfungulia mlango kwa kadiri alivyoweza. Alimshukuru. Nje, chini ya ukuta wa ofisi, alikula ndizi aliyokuja nayo, na hakukumbuka ladha yake.

Jioni ile alimweleza Kisemei yote, bila kupamba. Alimwambia kuna njia mbili. Ya kwanza, aseme ng'ombe hawapo, nao wote wawili wataangaliwa upya, pengine wapate wote. Ya pili, aseme hana mke, na Naipanoi apate peke yake. Mzee alikuwa anakunywa chai ya rangi. Aliuliza ni nani atakayesoma hayo maandishi. Naipanoi akasema ni mashine na watu wa ofisini. Akauliza kama Koinet atasoma. Akasema hajui.

"Wapige," Kisemei alisema, akamalizia chai yake.

Siku zote mbili zilizofuata hakuligusa jambo hilo. Naipanoi hakuuliza. Alikuwa na tumaini, hilo nalisema wazi, japo mwenyewe asingelikiri: kwamba mzee angechagua njia ya kwanza. Haikuwa kwa sababu ya pesa za watu wawili. Alitaka tu asikie ikisemwa kwamba ng'ombe hawapo, ili waweze kuomboleza pamoja kile alichokuwa akikiomboleza peke yake kwa miaka mitatu.

Alhamisi simu iliita Naipanoi akiwa anachagua mawe kwenye maharagwe. Kisemei, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kumtoroka, aliiweka kwenye spika na kuishika mbele ya kifua. Isaac akamsalimia kwa Kimaa chake cha kuvunjika, mzee akaitikia. Kisha Isaac akauliza kama anamjua Naipanoi.

"Namjua. Alikuwa hapa. Alienda."

"Kwa hivyo sio mke wako, mzee?"

"Mimi sina mke."

Alilisema kama mtu anayemjibu jirani kwamba chumvi imeisha. Vidole vya Naipanoi vilisimama juu ya ungo. Upande wa pili ilisikika mibofyo. Isaac alikuwa amemaliza kazi yake na angeweza kukata simu, lakini yule kijana alikuwa mwema, na watu wema huongeza swali moja.

"Na ng'ombe, mzee? Bado ni ishirini na tatu? Ama niandike ingine? Naweza kubadilisha sasa hivi, tukiwa kwa simu."

Kisemei aliangalia upande wa zizi. Isaac akaita haloo, haloo. Naipanoi alikuwa amemkazia macho mumewe bila kupepesa.

"Wako," Kisemei alisema. "Mmoja amezaa juzi."

Isaac akasema hongera. Akasema mama atapata ujumbe kwenye simu mwezi ujao, akakata.

Mzee aliweka simu juu ya kiti, akamgeukia. "Ng'oto Soipan," alimwita, kwa jina la mama wa binti yao kama alivyomwita siku zote, "umepata."

Amepata. Ndicho alichokwenda kukitafuta Kajiado, na sasa kulikuwa na unga wa mwezi ujao na wa mwezi utakaofuata. Na ndani ya kifua chake, mahali palipokuwa ganzi tangu Kimana, paliuma ghafla, maumivu safi, ya kuondolewa na mtu aliyechagua nani abaki, mke au ng'ombe waliokufa. Alitaka kumwambia. Alitaka kumuuliza kama ng'ombe wanane na blanketi ilikuwa ni kitu kidogo. Akamtazama, mzee wa miaka sabini na minane, mikono mitupu magotini, akimngoja yeye, mtu pekee duniani aliyebaki wa kumwamini.

"Ni jike au dume?" akamuuliza.

"Jike," akasema Kisemei, na akaanza kumweleza rangi yake.